Kahawa ya Kujipikia: Wito kwa Mfanyakazi Chipukizi

Haba na haba, walinena wahenga, hujaza kibaba. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na kuitumia kupambia insha zetu, nasi huitaja kila tunapotaka kumsifu mtu anayedunduliza. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kuwa methali hiyo ina upande wa pili: kibaba kilichojazwa kwa haba na haba huweza pia kumalizika kwa haba na haba, bila kishindo na bila mwenyewe kutambua. Katika makala haya ninanuia kuzungumzia mojawapo ya haba hizo zinazomponyoka mfanyakazi chipukizi nchini Kenya, nayo ni kikombe cha kahawa anachokinunua kila siku ya kazi. Hoja yangu ni kwamba kahawa hiyo inafaa kupikwa papo hapo kazini, kwa gharama ndogo, na kwamba kufanya hivyo kuna manufaa yanayovuka mipaka ya mfuko wa mtu mmoja.

Yamkini msomaji atauliza: kahawa ina uhusiano gani na chama cha wanafunzi wa Kiswahili? Uhusiano upo. Wengi wetu tutakapohitimu tutakuwa walimu, wahariri, watafsiri na watangazaji, na kabla ya kuajiriwa kwa masharti ya kudumu tutapitia uanagenzi. Ni jambo linalojulikana kwamba walimu wanagenzi walioajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) mwaka 2023 kufundisha sekondari ya msingi waliwekewa malipo ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Wapo wenzetu katika afisi za jijini ambao hupewa nauli tu na kuambiwa wavumilie. Ni katika kipindi hicho hicho cha ukata ambapo mtu hujikuta akiiga mazoea ya waliomtangulia kazini: saa nne inapowadia, wote huinuka na kuelekea mkahawani, naye huona haya kubaki nyuma peke yake.

Hebu tupige hesabu. Tuchukulie kwamba kikombe kimoja cha kahawa yenye maziwa katika mkahawa wa jijini ni shilingi 250. Anayekunywa kikombe kimoja kwa siku, kwa siku 22 za kazi, hutumia shilingi 5,500 kwa mwezi. Kwa mwanagenzi anayelipwa shilingi 20,000, hiyo ni zaidi ya robo ya malipo yake, na bado hajala, hajalipa kodi ya nyumba wala hajapanda matatu. Sasa tuchukulie kwamba pakiti ya robo kilo ya kahawa iliyosagwa humu nchini ni shilingi 600. Kikombe kimoja cha kutosha huhitaji gramu 10, kwa hivyo pakiti hiyo hutoa vikombe 25, kila kimoja kwa shilingi 24. Hata tukijumlisha maziwa kidogo, sukari na umeme wa kuchemshia maji, jumla haifiki shilingi 40. Kwa mwezi mzima ni shilingi 880. Tofauti ya shilingi 4,620 inabaki mfukoni, na kwa miezi 11 ya kazi, tukiondoa mwezi wa likizo, tofauti hiyo inakuwa shilingi 50,820.

Bila shaka kuna gharama ya mwanzo. Birika la umeme, kichujio na kopo lenye kifuniko huenda vikagharimu shilingi 2,000 hivi. Kwa kuwa anayejipikia huokoa shilingi 210 kila siku, gharama hiyo hurudi katika muda wa siku 10 za kazi. Birika hilo likinunuliwa na watu watano kwa kuchangiana, basi hurudi kwa siku mbili tu. Sijui biashara nyingine iliyo halali yenye faida ya haraka namna hiyo.

Shilingi 4,620 kwa mwezi si fedha za kubezwa. Vyama vingi vya akiba na mikopo vina desturi ya kumkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake. Hii ina maana kwamba akiba ya mwaka mmoja wa kahawa yaweza kumfungulia mwanagenzi mlango wa mkopo wa takriban shilingi 150,000, ikiwa atapata wadhamini na ana uwezo wa kuulipa. Aidha, wengi wetu tutatoka chuoni tukiwa na deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), na deni hilo halingoji mtu apate kazi ya ndoto zake. Anayelianza mapema hulala usingizi. Anayelipuuza hupandishiwa riba na faini, hata likamfuata mpaka siku anapotafuta cheti cha kuthibitisha kwamba hadaiwi.

Hapa ni sharti nitanabahishe jambo moja ili nisieleweke visivyo. Mwanagenzi hakufukarishwa na kahawa. Amefukarishwa na malipo duni kwa kazi ambayo wenzake walioajiriwa hulipwa zaidi ya maradufu, na haki yake ya kudai ujira unaostahili haipungui hata chembe kwa sababu alionekana mkahawani. Wapo wenye vyeo ambao hupenda kuwahubiria vijana kuhusu kubana matumizi ilhali wao wenyewe ndio waliowabania mishahara. Mahubiri kama hayo ni kejeli. Ninalolisema mimi ni tofauti: mwenye akiba ya miezi mitatu hugoma kwa ujasiri kuliko asiye na nauli ya kesho, na hukataa kazi ya kudhalilisha pasi na kutetemeka. Akiba ni silaha ya mnyonge. Haiwezi kushika nafasi ya haki, ila humwezesha mtu kuingoja haki akiwa amesimama wima.

Tukiachana na mfuko wa mtu binafsi, kuna suala la kahawa yenyewe. Kenya ni nchi ya kahawa isiyokunywa kahawa. Mmea huu ulipandwa na wamishonari huko Bura, katika Milima ya Taita, mnamo mwaka 1893. Kwa miongo mingi baada ya hapo, serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wengi kuukuza, ukawa mali ya masetla. Vikwazo vililegezwa kidogo miaka ya 1930 katika sehemu kama Meru na Kisii, na ni Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliowafungulia wakulima wadogo mlango. Waliuingia kwa bidii. Kufikia msimu wa 1987/88 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 120,000. Kisha mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawiana viwango vya kuuza ulisambaratika, bei zikaporomoka, na usimamizi mbaya wa vyama vya ushirika ukamalizia kilichobaki. Katika miaka ya karibuni mavuno yamekuwa takriban tani 50,000, na huko Kiambu mashamba mengi yamegeuzwa kuwa mitaa ya nyumba za kukodisha. Katika hizo tani chache, karibu zote husafirishwa ng'ambo. Sisi tuliobaki hunywa chai, na ile kahawa tunayoinywa huwa tumeuziwa kama anasa ya wageni.

Jirani zetu wametupa funzo. Nchini Ethiopia, takriban nusu ya kahawa yote hunywewa humo humo nchini, nyumbani na barazani, na kumkaangia mgeni buni mbele ya macho yake ni heshima isiyo na kifani. Bei ya ulimwengu ikishuka, mkulima wao bado ana mnywaji wa karibu. Wahaya wa Bukoba, Tanzania, nao wamekuwa wakimkaribisha mgeni kwa buni za kutafuna tangu kabla ya ukoloni. Kwetu, mkulima wa Nyeri au Kirinyaga huenda akaishi na kuzeeka bila kuionja kahawa aliyoichuma kwa mikono yake.

Wapo watakaosema kwamba anayenunua kahawa mkahawani humsaidia mkulima huyo. Tulipime dai hili. Huhitajika takriban kilo saba za matunda mabichi ya kahawa ili kupata kilo moja ya buni safi, na buni hizo hupungua uzito zinapokaangwa. Kwa hivyo, gramu 10 za kahawa iliyosagwa hutokana na matunda yasiyozidi gramu 85 hivi. Tukichukulia kuwa mkulima amelipwa shilingi 100 kwa kilo ya matunda, mgao wake katika kikombe hicho ni kama shilingi nane. Kikombe kikiuzwa kwa shilingi 250 mkahawani, anapata nane. Kikipikwa afisini kwa shilingi 40, anapata nane zile zile. Mkulima hafaidi kwa ughali wa kikombe. Hufaidi kwa wingi wa vikombe. Lau kila afisi, kila majilisi ya walimu na kila duka lingekuwa na birika lake la kahawa ya Kenya, soko la nyumbani lingepanuka kuliko linavyoweza kupanuliwa na mikahawa ya wateja wachache wenye uwezo.

Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna sababu nyingine ya kulitilia jambo hili maanani. Lugha yetu inaifahamu kahawa kuliko tunavyodhani. Neno lenyewe, pamoja na neno buni, yalitujia kutoka Kiarabu kupitia biashara ya Bahari ya Hindi. Kutokana na kahawa tukapata mkahawa, yaani pahali pa kunywea kahawa, ingawa leo mtu aweza kuingia katika mikahawa kumi mfululizo katika miji ya bara na asipate ila chai na mandazi. Mti wake ni mbuni. Wafanyabiashara wa Kenya, hata hivyo, hulitumia neno mbuni kwa maana ya kahawa iliyokaushwa na maganda yake bila kuoshwa, ile ya daraja la chini. Pwani kuna dele, birika la shaba linalowekwa juu ya makaa, na muuza kahawa wa Mombasa au Lamu hupita nalo jioni akigonganisha vikombe vyake vidogo ili kuwaarifu wateja kwamba amefika. Kahawa hiyo hupikwa chungu, ikatiwa tangawizi au iliki, ikanywewa kwa kashata, tende au halua. Si anasa ya tajiri. Ni kinywaji cha mchukuzi, mvuvi na mzee wa barazani, na bei yake ni ya kuokoteza sarafu mfukoni. Kwa hivyo anayedhani kwamba kahawa ya bei nafuu ni kahawa duni hajafika Pwani. Chai, kwa bahati mbaya, imeazimwa jina na wala rushwa. Kahawa bado haijachafuliwa.

Namna ya kuipika kazini haihitaji ufundi wala mtambo. Chemsha maji, kisha uyaache yatulie kwa nusu dakika. Tia vijiko viwili vya mezani vya kahawa iliyosagwa, yaani gramu 10 hivi, kwa kila kikombe cha mililita 180. Mimina maji, koroga, funika, ngoja dakika nne, kisha uchuje kwa chujio la chai au kitambaa safi cha pamba. Kahawa iliyosagwa vumbivumbi hupenya kwenye chujio, kwa hivyo omba iliyosagwa chenga chenga. Hifadhi pakiti katika kopo lililofungwa barabara, mbali na sabuni na viungo, kwani kahawa hufyonza harufu upesi. Nunua kidogo kidogo, maana ladha hufifia wiki chache baada ya pakiti kufunguliwa. Asiyekuwa na muda kabisa anaweza kuipika nyumbani alfajiri na kuibeba katika chupa ya chai. Lita moja ya maji huchemka kwa umeme usiofika thamani ya shilingi tano, hivyo mwajiri hatakuwa na sababu ya kulalamika, mradi birika lizimwe na nyaya zake ziwe nzima.

Vilevile, tusidanganywe na herufi. Daraja kama AA na AB hupimwa kwanza kwa ukubwa wa punje, wala ukubwa huo peke yake hauthibitishi utamu. Kahawa ya AB iliyokaangwa juzi yaweza kuishinda AA iliyolala dukani miezi sita. Na aelewe anayejipikia kwamba unafuu wa bei usiwe kisingizio cha kunywa kupita kiasi. Vikombe viwili au vitatu kwa siku vinamtosha mtu mzima mwenye afya, na anayeinywa jioni asilaumu kitanda usiku.

Kuna tahadhari moja ambayo haitajwi mara kwa mara, nami naiona kuwa kubwa kuliko zote. Ni nani atakayeipika? Katika afisi zetu, jambo lolote linalohusu birika na vikombe huangukia mabega ya mwanamke mwenye umri mdogo zaidi au mwanagenzi aliyefika jana, hata kama amehitimu kwa daraja la kwanza. Huanza kwa ombi la upole, kisha huwa desturi, na mwishowe huwa wajibu wake usioandikwa popote. Ikiwa kahawa ya kujipikia itakuwa njia nyingine ya kumtumikisha mnyonge, basi ni heri kila mtu arudi mkahawani na pesa zake. Suluhisho ni zamu. Majina yote yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, kuanzia la mkuu wa idara hadi la mwanagenzi, na kila mmoja apike, aoshe vikombe na achangie kahawa kwa siku yake. Mkuu atakayeosha vikombe mara moja kwa juma hatapungukiwa na heshima. Ataongezewa.

Pingamizi zinazobaki ni nyepesi. Husemwa kwamba mkahawa hutoa fursa ya kuzungumza na kupunga upepo. Ni kweli, lakini baraza la Mswahili limekuwa likifanya kazi hiyo kwa karne nyingi bila kumtoza mtu shilingi 250, na benchi lililo nje ya afisi laweza kuwa baraza. Husemwa kwamba muda hautoshi. Dakika nne za kungoja kahawa itoe rangi ni chache kuliko dakika za kwenda, kupanga foleni na kurudi. Husemwa pia kwamba tutawanyima riziki wahudumu wa mikahawa. Sijasema tuisusie. Twende siku ya mshahara, au tunapokuwa na mgeni, ili kwenda huko kurudi kuwa sherehe. Tena, mama mwenye kibanda kando ya lango anaweza kuuza kahawa chungu ya birika kwa bei anayoimudu kila mtu, kama wafanyavyo wenzake wa Pwani. Ama wale wanaobeba kikombe cha karatasi ili waonekane wamefika, nawakumbusha kwamba kikombe hicho kimepakwa plastiki kwa ndani, hutupwa baada ya robo saa, na hakijawahi kumpandisha mtu cheo.

Mageuzi haya hayana budi kuanzia kwetu. Katika makongamano yetu ya Kiswahili, mapumziko yanapofika, aghalabu meza huwa na maji ya moto, majani ya chai katika vifuko na kopo la unga wa kahawa ya kuyeyusha. Tunasimama hapo tukijadili uasilia wa istilahi huku tumeshika vikombe visivyo na asili yoyote. Ninapendekeza kwamba kuanzia kongamano lijalo kamati andalizi inunue kahawa iliyokuzwa na kukaangwa nchini, na wanachama wenyewe waipike kwa zamu. Mfano upo: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, huko Nyeri, kina shamba lake la kahawa na huuza kahawa yake kwa umma. Chuo kisicho na shamba hakikosi birika. Wanafunzi wakizoea kujipikia wakiwa bado chuoni, hawatatishwa na mazoea watakayoyakuta afisini.

Wahenga walisema pia: bura yangu sibadili na rehani. Najua kwamba bura ya methali hiyo ni kitambaa, wala haina uhusiano na kijiji cha Bura kule Taita. Hata hivyo, sioni kosa mtu akiitamka akiwa na kikombe cha kahawa ya Kenya mkononi, aliyoipika mwenyewe, kwa bei aijuayo. Shime basi, wenzangu mnaojiandaa kuingia kazini. Siku ya kwanza ya uanagenzi, pamoja na barua ya kuajiriwa na kalamu, bebeni kopo dogo la kahawa na kichujio. Muulizeni jirani yenu kwenye dawati la pili kama angependa mchangie birika. Shilingi zitakazobaki mwisho wa mwezi zipelekeni kwenye akiba siku hiyo hiyo ya mshahara, kabla hazijapata mwenyewe mwingine.